Sensa ya sukari inapokupa namba usizoziamini

Saa tisa usiku simu inalia: sukari imeshuka hadi 3.1. Mgonjwa wa kisukari anaamka. Hana jasho, mikono haitetemeki, moyo unapiga kama kawaida, na mkono wenye sensa, kile kidude kinachobandikwa kwenye ngozi kupima sukari mfululizo, ndio aliokuwa ameulalia. Akikimbilia soda, alfajiri ataamkia 14. Akipuuza na kujifunika shuka, huenda kweli imeshuka. Kinachomaliza ubishi huo ni stripu moja ya mashine ya kidole na tone la damu. Shika hili tangu mwanzo: usibadili dozi ya insulini wala kunywa sukari kwa sababu ya namba isiyolingana na mwili wako kabla ya kuchoma kidole. Kama mwili wenyewe unakupa dalili za kushuka na mashine haipo karibu, hapo kunywa kwanza, upime baadaye.

Sensa si kifaa dhaifu. Zinazotumika sana sasa, kama FreeStyle Libre 2 na 3 za Abbott au Dexcom G6 na G7, zinakaribiana na maabara vizuri kiasi cha watu wengi kuzitegemea kupangia insulini. Lakini zina mahali zinapoteleza, na mengi yanayolalamikiwa Dar es Salaam chanzo chake ni joto, jasho, usingizi, simu, au njia ambayo sensa ilisafiri mpaka kufika mkononi mwako.

Kwanza ujue inapima nini. Chini ya kile kidude cha duara kuna waya laini kama unywele, unaoingia kama milimita 5 chini ya ngozi. Hauko kwenye mshipa wa damu. Uko kwenye majimaji yanayozunguka seli, na sukari hufika huko ikitoka kwenye damu. Waya umepakwa kimeng'enya kinachomenyuka na glukosi na kutoa umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Kwa hiyo sensa iko nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10 hivi, na sukari ikiwa inakimbia, iwe kupanda au kushuka, pengo linakuwa kubwa zaidi. Ukilijua hilo, nusu ya malalamiko yanajieleza yenyewe.

Sensa inasema hivi, kidole kinasema vile

Usitegemee zifanane. Kipimo kinachotumika ni hiki: kidole kikiwa juu ya 4.4, sensa iwe ndani ya asilimia 20, kikiwa 4.4 au chini yake, tofauti isizidi 1.1. Kidole 10.5 na sensa 9.0, hakuna tatizo. Kidole 10.5 na sensa 6.8, tatizo lipo.

Kabla ya kuilaumu sensa, hakikisha kidole chenyewe kinasema kweli, maana mara nyingi kosa liko hapo. Mtu amemenya embe dodo, amefuta mikono kwenye kanga, kisha akachoma kidole. Utando wa embe ulioganda pembeni ya ukucha unatosha kupandisha namba sana, na hauonekani kwa macho. Spiriti iliyopitishwa haraka haiutoi vizuri. Nawa kwa sabuni na maji, kausha kabisa, choma pembeni ya ncha ya kidole, na kama hukunawa, futa tone la kwanza upime la pili.

Stripu nazo hazipendi unyevu wa mji huu. Kopo lake lina kikausha unyevu ndani ya kuta au mfuniko, na likiachwa wazi mezani, kazi hiyo inakwisha. Toa stripu moja, funga hapo hapo. Usizihamishie kwenye pakiti nyingine, na usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Angalia pia tarehe ya mwisho, na siku ulizopewa baada ya kufungua kopo. Kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, mashine nyingi za kidole husoma juu kuliko ukweli. Huyo alinganishe na kipimo cha maabara walau mara moja.

Baada ya hapo pima wakati mshale unaoonekana kando ya namba kwenye skrini umelala, yaani sukari imetulia: kabla ya kula, au saa tatu baada ya mlo. Kupima dakika 30 baada ya wali na kulinganisha na sensa ni kujitafutia ugomvi, kwa sababu damu imeshatangulia. Linganisha mara tatu kwa siku, kwa nyakati tofauti, uandike. Sensa ikipishana kwa zaidi ya asilimia 20 mara zote tatu, tena upande uleule, na saa 24 za mwanzo zimeshapita, ibadilishe.

Saa 24 hizo ni muhimu. Kuingiza waya ni kujeruhi ngozi kidogo, na mwili unapeleka askari wake pale. Mpaka patulie, namba zinayumba, na mara nyingi zinakuwa chini kuliko ukweli. Libre inaanza kusoma baada ya dakika 60 na G7 baada ya dakika 30, lakini kuanza kusoma si sawa na kutulia. Siku ya kwanza choma kidole kabla ya kila dozi ya insulini. Watumiaji wengi wa Libre huvaa sensa mpya jioni kwenye mkono wa pili, ile ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, na kuiwasha kesho yake. Siku zake zinaanza kuhesabiwa pale unapoiskani. Huo ni ujanja wa watumiaji, hauko kwenye karatasi ya maelekezo, na kwa G7 hauwezekani kwa sababu inajiwasha yenyewe ikishavaliwa.

Jambo dogo lakini limeshawachanganya wengi: angalia vipimo vya namba. Kliniki zetu zinatumia mmol/L. Kifaa kilichonunuliwa Marekani huja na mg/dL, na huko 126 ni 7.0 ya kwetu. Gawanya kwa 18.

Inashuka ghafla usiku, kisha inarudi yenyewe

Hapa ni kulalia sensa. Uzito wa mwili unasukuma majimaji na damu kutoka eneo la waya, sukari ya kusomwa inapungua pale pale, na sensa inatangaza kushuka ambako mwilini hakupo. Unalitambua kwa umbo la mchoro. Mstari ulikuwa tambarare kwenye 7, unadondoka kama umekatwa kwa panga hadi 3 na kitu, unakaa huko dakika 20 au saa nzima, na ukigeuka upande mwingine unapanda ghafla kurudi 7. Sukari inayoshuka kweli huja kwa mteremko wa nusu saa au zaidi, na hairudi juu kwa dakika chache kama hujala kitu.

Mkono wa kulalia si chanzo pekee. Kamba ya mbeleko ikipita juu ya sensa inafanya yaleyale. Hali kadhalika mtoto anayelala mkononi mwako, au kuegemea dirisha la daladala kutoka Mbagala hadi Posta kwa saa nzima ya foleni.

Ukivaa sensa mpya, simama mbele ya kioo, acha mkono uning'inie, na utafute nyama laini nyuma ya mkono wa juu, si pembeni unapogusa godoro ukilala ubavu. Kama daima unalalia kulia, vaa kushoto. Badilisha sehemu kila mara, hata kama ni mkono uleule: sogea angalau vidole viwili kutoka tundu la zamani, na usiweke karibu na unapojichomea insulini kwa chini ya sentimita 2.5.

Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya kundi la glibenklamidi asiseme tu "ni ule mkono" akalala. Choma kidole. Mashine ya kidole ikae kando ya kitanda, na stripu ndani yake.

Umekunywa sukari, lakini sensa inaendelea kushuka

Kosa hili linaharibu usiku wa wagonjwa wengi. Kidole kinasema 3.2, mtu anakunywa soda, baada ya dakika 10 sensa inasema 2.9. Anaongeza soda ya pili. Sensa bado 3.0. Anakula maandazi mawili. Saa mbili baadaye yuko 17, anajichoma insulini ya kurekebisha, na alfajiri anashuka tena.

Damu ilishapanda tangu soda ya kwanza. Sensa ndiyo ilikuwa nyuma, na katika kushuka kwa kasi pengo huwa refu kuliko kawaida. Kwa hiyo kwa kipindi hiki iache sensa kabisa. Kunywa gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida mililita 150, ambayo ni chini kidogo ya nusu chupa ya mililita 350, au glukosi ya unga iliyopimwa hivyo hivyo. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu hapa. Maandazi, chokoleti na maziwa vinachelewa, maana mafuta yanazuia sukari isiingie haraka. Subiri dakika 15, choma kidole. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia gramu 15. Ikishavuka, na mlo uko mbali, kula kitu kidogo cha kushikilia kama kipande cha muhogo wa kuchemsha au mkate.

Mshale unaweza kukuonya kabla hujafika huko. Kwenye Libre, mshale wima kwenda chini maana yake sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika. Namba 6.0 yenye mshale huo, ukiwa umepanda bodaboda kwenda Tegeta, inaweza kuwa 4.0 au chini ndani ya dakika 20. Namba 6.0 yenye mshale uliolala ni habari njema. Ukiisoma namba bila mshale, umesoma nusu.

Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote, maana atapaliwa. Mlaze ubavu, mchome glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, kama ipo nyumbani, na mkimbize hospitali.

Inabanduka kabla ya siku zake

Libre 2 imetengenezwa kwa siku 14, G7 kwa siku 10. Dar, kuanzia Desemba hadi Machi, wengi wanaipoteza siku ya sita au ya saba. Gundi haikushindwa na jasho peke yake. Mara nyingi ilishindwa siku ya kwanza, kwenye dakika mbili za maandalizi.

Adui mkubwa ni mafuta. Mtu aliyezoea kujipaka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kila baada ya kuoga ana utando kwenye ngozi ambao kipande kimoja cha pamba yenye spiriti hakiumalizi, kinausambaza tu. Fanya hivi: siku ya kuvaa, usipake chochote kwenye mkono huo tangu asubuhi. Osha nyuma ya mkono kwa sabuni ya mche, isiyo na manukato wala mafuta ya kulainisha, mara mbili, ukisugua kwa kitambaa. Suuza, kausha kwa taulo safi. Kama kuna vinyweleo vingi, vinyoe siku moja kabla, si saa hiyohiyo, ili ngozi isiwe na mikwaruzo. Kisha pitisha spiriti, na uache ikauke yenyewe kwa dakika moja nzima. Usiipulizie kwa mdomo wala kuipepea kwa gazeti lenye vumbi. Spiriti mbichi chini ya gundi ni mwanzo wa kubanduka.

Maandalizi haya yafanye ukiwa umepoa. Ukitoka kuoga kwenye bafu la joto, au umerudi kutoka kazini na mwili unavuja, kaa mbele ya feni dakika 15 kwanza. Jioni baada ya kuoga ndio wakati mzuri, ili gundi ipate usiku mzima wa kushika kabla ya jua la kesho. Ukishaifyatua, bonyeza pembezoni mwa gundi kwa kidole kwa sekunde 30 hivi, ukizunguka. Joto la kidole ndilo linaloiamsha. Saa 12 za mwanzo usiende kuogelea wala mazoezini.

Kingo zikianza kuinuka, usikate kipande kilichoinuka ukaacha kingine. Weka plasta ya kitambaa juu yake, ile pana ya roli inayouzwa famasi, au utepe wa kunyumbulika wanaotumia wanamichezo, ukiwa umeukata kona zake ziwe za duara ili zisinase kwenye mikono ya shati. Toboa katikati. Libre ina tundu dogo katikati linalotakiwa kubaki wazi. Ukilifunika, jasho linabaki ndani. Kwa wanaotoka jasho sana, kuna vifuta vya gundi ya ziada vya kupaka kwenye ngozi kabla ya kuvaa. Paka duara lenye nafasi wazi katikati, pale waya utakapopita.

Zaidi ya jasho kuna kugonga: fremu ya mlango, mkanda wa mkoba, mkono wa shati la kubana unaovuliwa kwa haraka. Wakati wa kuvaa, anza na mkono wenye sensa. Wakati wa kuvua, maliza nao.

Kuhusu bahari: Libre inastahimili maji ya mita 1 kwa dakika 30. Kuoga na kujimwagia si tatizo. Ukipiga mbizi Kigamboni, ishara ya simu itapotea, maana mawimbi ya blututhi hayapiti kwenye maji. Ukitoka, futa chumvi kwa maji safi na kausha kwa kubonyeza taulo, usisugue.

Ngozi inawasha au imetoka malengelenge

Mwasho kidogo siku mbili za mwanzo ni kawaida. Wekundu wenye umbo kamili la gundi, malengelenge, au majimaji ni mzio. Kwa Libre ya kwanza, mwaka 2017 madaktari wa ngozi walitambua kemikali iitwayo isobonili akrileti kuwa chanzo kimojawapo. Aliyepata mzio wa namna hiyo asiendelee kuvumilia, kwa sababu kila sensa mpya humwongezea. Aende kwa daktari wa ngozi, na ajaribu aina nyingine ya sensa kabla ya kuamua kuacha kabisa. Filamu ya kinga inayopakwa kabla ya kuvaa huwasaidia baadhi. Usipake krimu yoyote chini ya gundi, itabanduka. Ukitaka kuibandua, lainisha kingo kwa mafuta ya nazi. Hapa ndipo yanapofaa.

Maumivu yanayoongezeka, uvimbe wa moto au usaha ni maambukizi. Toa sensa siku hiyohiyo na uende kituo cha afya. Damu kidogo wakati wa kuvaa haina shida, bonyeza pembeni. Damu ikijaa mpaka juu ya tundu, tegemea namba za ajabu, na uwe na sensa ya akiba.

Simu haioni sensa

Chanzo cha kwanza ni simu yenyewe. Libre 2 na Libre 3 huwashwa kwa NFC, yaani uwezo wa simu kusoma kifaa kwa kukisogelea karibu kabisa, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo hazina NFC. Ingia kwenye mipangilio ya simu utafute neno hilo kabla hujanunua sensa. Kama haipo, chukua na kisomaji chake maalumu. G7 haitegemei NFC. Inaungana kwa blututhi na namba ya tarakimu nne iliyoandikwa kwenye kifyatuzi, kile kifaa cha kuipachikia kwenye ngozi, kwa hiyo usitupe kifyatuzi kabla ya kuiandika.

Chanzo cha pili, na hiki ndicho kinachowasumbua wengi, ni Android kuokoa betri. Simu inaona programu imekaa nyuma kimya na inaizima. Kengele ya usiku haiwezi kulia kwenye programu iliyozimwa. Fungua mipangilio, nenda kwenye programu, chagua ya sensa, ingia sehemu ya betri na uiruhusu ifanye kazi bila kikomo. Kisha ruhusu arifa zote, blututhi, na mahali ulipo kama inaomba. Kwenye simu za Tecno, Infinix na Xiaomi kuna pia swichi ya kujiwasha yenyewe, iwashe. Usiifagilie programu kwenye orodha ya zilizofunguliwa, na uondoe zile programu za kusafisha simu. Jaribu usiku mmoja ukiwa macho: panga kengele ya sukari ya juu kwa kiwango cha chini, kama 6.7, kisha uone kama inalia simu ikiwa imezimwa sauti. Isipolia, bado kuna ruhusa moja hujaitoa.

Umeme ukikatika usiku, simu inaweza kufa kabla ya alfajiri. Libre 2 hutunza saa 8 za kumbukumbu ndani ya sensa. Ukiskani ndani ya muda huo, mchoro unajaza pengo. Lakini kengele zilizopita hazirudi. Kwa mtoto au mzee anayetumia insulini, pawabenki iliyojaa ni sehemu ya vifaa vya kisukari.

Umbali nao una mipaka: kama mita 6 kwa Libre 2 na mita 10 kwa G7, na kuta za matofali na mwili wenyewe vinapunguza. Simu ikiwa inachajiwa sebuleni na mtoto amelala chumba cha mwisho, usitegemee kitu. Anayetaka kutumia kisomaji na simu pamoja kwa Libre 2, aiwashe kwanza kwa kisomaji kisha aiskani kwa simu ndani ya saa ile ya kwanza. Kengele italia kwenye kile kilichoiwasha.

Sensa iliyoletwa na mtu

Nyingi zinakuja kwenye begi la mtu kutoka Dubai, India au Uingereza, na huko njiani ndiko hupata ugonjwa. Soma kiwango cha joto cha kuhifadhi kwenye sanduku: Libre 2 ni nyuzi 4 hadi 25, G7 ni 2 hadi 30. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar kinavuka 25 karibu mwaka mzima, na Februari kinavuka 30. Hii inaua kimeng'enya polepole. Sensa itawaka, itasoma, na itakosea. Hifadhi kwenye mlango wa friji, mbali na sehemu inayogandisha, ndani ya sanduku lake. Itoe saa moja kabla ya kuvaa ili isiwe na ubaridi unaoleta unyevu. Ukiagiza iletwe na bodaboda mchana, mwombe muuzaji aiweke kwenye mfuko wa baridi pamoja na barafu iliyofungwa kwenye taulo, isigusane nayo.

Kuna pia suala la nchi. Programu za Libre zimefungwa kwa akaunti ya nchi, na sensa ya soko moja inaweza kukataliwa na programu ya soko jingine. Muulize muuzaji inafanya kazi na programu ya nchi gani, na uone mwenyewe tarehe ya mwisho kwenye sanduku, si kwenye picha ya WhatsApp. Andika namba ya toleo la kiwandani (LOT) iliyo kwenye sanduku. Novemba 2025 Abbott ilitangaza kwamba baadhi ya sensa za Libre 3 na Libre 3 Plus zinaweza kuonyesha sukari ya chini kuliko ukweli kwa muda mrefu. Mgonjwa mwenye sensa ya namna hiyo anakula sukari asiyoihitaji au anaruka insulini anayoihitaji. Tangazo kama hilo lina maana kwa mtu mwenye namba ya toleo mkononi tu.

Namba ziko juu bila sababu: uliza umemeza nini

Vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji, ile ya miligramu 1000, imeenea famasi zote. Kwenye Libre 2 na 3, zaidi ya miligramu 500 kwa siku inaweza kupandisha namba za uongo, na hatari ni kujichoma insulini ya kufukuza sukari isiyokuwepo. Chungwa la mezani halifiki huko. Parasetamoli kwenye Dexcom G6 na G7 haina shida ukibaki ndani ya gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila saa 6. Ukizidisha, namba zinapanda.

Wagonjwa wa selimundu wasikilize hili kwa makini. Haidroksiurea, dawa ambayo wengi wao hutumia, husababisha Dexcom isome juu sana kuliko ukweli. Anayeitumia amwambie daktari wa kisukari, apime kwa kidole kabla ya kila dozi, na aina ya sensa ijadiliwe upya. Kwa watu haohao, kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, hakiaminiki, kwa sababu seli zao nyekundu haziishi muda wa kawaida. Hivyo wastani wa kidole ulioandikwa daftarini una thamani kubwa zaidi kwao.

Na kuna dawa inayoshusha sukari kweli: kwinini. Mgonjwa wa malaria kali anayepewa kwinini akionekana 3.0 kwenye sensa, usianze kutafuta kosa la kifaa. Mpime kidole mara moja.

Kuishiwa maji mwilini, kwa kuharisha, homa, au siku ndefu ya mfungo wa Ramadhani wakati wa joto, nako kunavuruga majimaji ambamo waya unasoma. Rudi kwenye kidole mpaka maji yarudi.

Namba ni sahihi, ila mchoro haueleweki

Chipsi mayai ya saa mbili usiku inaonekana nzuri saa nne, kisha inapanda saa saba ukiwa usingizini. Mafuta yamechelewesha wanga. Sukari inayopanda kuanzia saa kumi alfajiri bila kula chochote ni homoni za asubuhi. Mwonyeshe daktari mchoro wa siku tatu kabla ya kuongeza dozi mwenyewe. Juisi ya miwa inapanda kama mkuki ndani ya nusu saa. Chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, mara nne kwa siku, ndiyo inayoeleza vilima vinne ambavyo wengi wanadai havina sababu.

Ukienda kliniki, iwe Muhimbili au hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana au Temeke, peleka ripoti ya siku 14 yenye angalau asilimia 70 ya muda uliosomwa. Chini ya hapo mapengo yanadanganya. Lengo la wengi ni zaidi ya asilimia 70 ya muda kati ya 3.9 na 10.0, na chini ya asilimia 4 chini ya 3.9. Kwa wazee na walio hatarini, asilimia 50 inatosha, ila kushuka kuwe chini ya asilimia 1. Wajawazito wana viwango vyao: 3.5 hadi 7.8.

Sukari ikiwa juu ya 14 kwa saa kadhaa, na mtu anatapika, anapumua kwa kina au ana harufu ya matunda mdomoni, achana na skrini. Pima ketoni, asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua, kama una stripu zake, na nenda hospitali hata kama huna.

Sensa ikifa kabla ya siku zake, usiitupe. Piga picha ya ujumbe wa kosa, namba ya kifaa na sanduku, andika tarehe na saa, kisha mpelekee muuzaji. Kifyatuzi kilichotumika kina sindano ndani. Kiweke kwenye kopo gumu lenye mfuniko, pamoja na sindano za insulini, na ulirudishe kliniki likijaa, maana mfuko wa taka wa Dar hupitia mikononi mwa watu wanaookota chupa bila glavu.